Aliyepanda Lori la Lupando

Ombi la Sekela lilimfikia Tusekile kwa simu siku ya Jumapili, akiwa anapiga pasi nguo za kazini. Walikuwa hawajazungumza kwa muda mrefu, ingawa walikua pamoja na walipanda lori moja siku ile watu wa Lupando walipohamishwa. Sekela hakuzunguka. Baada ya kujuliana hali alisema anataka kaka yake naye apande lori.

Tusekile alizima pasi, akakaa kitandani. Hakuhitaji kuuliza ni kaka yupi. Lupando nzima ilimjua Gwakisa, fundi baiskeli wa karibu na mashine ya kusaga. Na kila aliyekuwapo asubuhi ile ya ukungu, maji ya bwawa yalipoingia mjini kabla ya siku iliyotangazwa, alijua kwamba wakati wengine wanapandishwa kwenye malori Gwakisa alionekana akikimbia kuteremka mtaa wa chini, akigonga milango na kuita watu. Hakuonekana tena. Hata mwili haukupatikana.

"Ni kwenye mchezo tu," Sekela alisema. "Tena ni kwa ajili ya mama peke yake."

Mchezo wenyewe uliitwa Lupando, basi. Tusekile aliutengeneza kwa miaka kadhaa, jioni baada ya kazi, akisaidiwa na watu ambao hakuwahi kuwatia machoni. Mchana alichora lebo za pakiti za majani ya chai katika kiwanda kimoja pale Mbeya. Jioni alikuwa mwanachama wa Kijiwe.

Kijiwe kilikuwa ukumbi wa mtandaoni wa watunzi wa michezo ya kompyuta ya mikasa, ile ambayo mchezaji anatembea mahali, anaokota vitu, anazungumza na watu na kutafuta namna ya kufungua mlango uliofungwa. Hakuna aliyelipwa wala aliyetarajia kulipwa. Kulikuwa na muuguzi wa Singida aliyetunga mkasa wa treni isiyofika, na kondakta mstaafu aliyekuwa akirekebisha mchezo mmoja huohuo tangu hajaoa. Mtu alipandisha kazi yake, wenzake wakaicheza, kisha wakamwambia bila kumficha wapi wamekwama na wapi wamechoka. Tusekile alijifunzia humo kila alichokijua.

Zamani michezo hiyo ilichezwa kwenye kioo. Kisha kikaja kilemba, utepe mpana wa kitambaa wenye nyuzi za umeme, uliobuniwa kwanza kwa ajili ya wazee wanaopoteza kumbukumbu. Kwa kilemba, yaliyotokea ndani ya mchezo hayakuishia machoni. Yalikwenda kukaa mahali pale ubongo unapoweka mambo yaliyompata mtu. Ulicheza, ukalala usingizi wa kawaida, na ulipoamka ulijua kwamba umecheza, kama unavyojua mwaka uliozaliwa. Lakini ulichokikumbuka ni kwamba ulikwenda. Muda ukipita, kule kujua kulififia, kukumbuka kukabaki.

Kwa sababu hiyo sheria ilitaka kila mchezo uwe na alama, mstari mwembamba wa buluu kwenye kingo za kila kitu, ili ya mchezo yasichanganyike na ya maisha. Mchezo wa Lupando haukuwa nayo. Wazee wa Lupando waliohamia Mbeya, ambao ndio waliouonja kwanza, walilalamika kwamba wanaona kwao kana kwamba wanachungulia ndani ya chupa. Tusekile akalipeleka suala hilo Kijiweni, likabishaniwa sana. Wachache walikataa katakata. Wengi walisema wazee hawa wamenyang'anywa mji mzima, kuna ubaya gani wakirudishiwa ukiwa safi. Khatibu, fundi viyoyozi wa Tanga, ndiye aliyeandika programu ya Karakana ambayo wote waliitumia kutengenezea michezo, kwa hiyo ndiye aliyejua alama inakaa wapi. Akaitoa.

Ili kulipia kosa hilo Tusekile alijiwekea sharti: hataweka ndani kitu ambacho hakikuwapo, wala tukio ambalo halikutokea. Alilishika hata lilipomuumiza. Shangazi yake Asegelile, fundi cherehani wa mtaa wa chini aliyemlea, alikuwa miongoni mwa watu kumi na mmoja, pamoja na Gwakisa, ambao hawakuonekana tena baada ya maji. Ndani ya mchezo Shangazi alikaa kibarazani na cherehani yake. Ungeweza kumsalimia, ungeweza kumwomba uzi, lakini hukuweza kumfikisha kwenye lori. Watu wa Kijiwe walimsihi aweke njia ya siri ya kumwokoa, maana wachezaji wanapenda vitu vya namna hiyo. Tusekile alikataa, na hakueleza kwa nini.

Sasa Sekela alikuwa anamwomba avunje sharti. Alimweleza kwamba mama yake, Mama Gwakisa, bado anapakua sahani ya ziada kila mlo. Bado anatoka barabarani kila gari linaposimama, na kila mgeni anayefika Lupando Mpya anaulizwa kama huko alikotoka hakukutana na kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Madaktari walikuwa wamesema moyo wake umechoka.

"Nataka afe akijua kwamba alipanda," Sekela alisema. "Hilo tu, Tuse. Sikuombi kingine."

Tusekile alimwambia atafikiri. Lakini alipokata simu tayari alikuwa anajiuliza siku ile Gwakisa alivaa shati gani.

*

Khatibu hakulipenda jambo hilo. Alisema mtu anaweza kuweka mlango ambao haukuwapo, lakini si maisha ya mtu. Walijadiliana kwa siku kadhaa, kila mmoja akiandika akiwa kazini kwake, yeye juu ya ngazi kwenye kuta za watu, Tusekile kati ya lebo moja na nyingine. Mwishowe Khatibu akalegea, kwa sababu naye alikuwa na mama. Akatoa masharti. Toleo hilo liwe peke yake, lisipandishwe Kijiweni, na mtu mmoja tu alicheze. Na Tusekile mwenyewe asilijaribu akiwa amevaa kilemba.

"Jaribu kwenye kioo tu, dada," alimwandikia. "Wewe ulikuwepo. Unachokikumbuka ni chako, usikiguse."

Aliahidi. Tena mwanzoni alitimiza. Alimchora Gwakisa akija mbio kutoka kwenye ukungu, akakanyaga tairi, akashika bomba la pembeni, akajirusha ndani. Kwenye kioo kilikuwa kikaragosi kinachopanda kitu. Uzito haukuwapo. Hakuweza kujua kama lori linainama kidogo mtu mzima anapoingia, au kama mkono wake unashikika anapomvuta mama yake karibu. Mtunzi yeyote wa Kijiwe angemwambia kwamba tukio hilo halijakomaa, na huwezi kumpa mama mzee tukio ambalo halijakomaa.

Akavaa kilemba. Akarekebisha mguu, akavaa tena. Akarekebisha pumzi, namna mtu aliyekimbia anavyohema kabla ya kuongea. Kazi ilimkolea kama kazi nzuri inavyomkolea mtu, na kwa siku nyingi hakufikiri kabisa juu ya alichokuwa akikifanya, alifikiri juu ya kukifanya vizuri. Alipomaliza alijua kwamba hajawahi kutengeneza kitu bora kuliko hicho. Na hakuweza kumwonyesha mtu yeyote.

*

Lupando Mpya ilikuwa na nyumba za tofali za saruji zilizopangwa kwa mistari, na upepo uliopita katikati yake bila kuzuiwa na kitu. Tusekile alikwenda mwenyewe. Alimkuta Mama Gwakisa amepungua sana, amevaa sweta juu ya kitenge, na baada ya kusalimiwa swali lake la kwanza lilikuwa lilelile. Tusekile akajibu kwamba hakumwona njiani.

Wakamvisha kilemba akiwa kwenye kochi. Sekela hakutaka kuangalia, akatoka nje kuanua nguo. Yeye hakuwahi kukivaa hata mara moja. Alisema yaliyomo kichwani mwake yanamtosha. Tusekile alibaki akiutazama uso wa mama yule ukipita mtaa kwa mtaa, akimwona anatabasamu sokoni, anakunja uso penye harufu ya pumba za mashine, na hatimaye anakaza mikono yote miwili kama anayevuta kitu kizito.

Kesho yake asubuhi Mama Gwakisa aliamka akaomba uji. Alikunywa kikombe kizima, akasema Gwakisa alikaa karibu na dereva na jasho lilikuwa linamtoka. Alilisema hilo kama mtu anayekumbushia jambo la kawaida. Mchana alipakua sahani mbili, yake na ya Sekela. Tusekile alirudi Mbeya akiwa amechoka na mwenye furaha, na Khatibu alipomuuliza alijibu neno moja tu, kwamba imefaa.

Ilifaa kwa muda. Kisha Sekela akaanza kupiga simu tena, na kila simu ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Mama alikuwa ameacha kulia, ndiyo. Lakini kama mwanawe alipanda lori, basi alishuka mahali. Kama alishuka, yuko mzima. Na kama yuko mzima, miaka yote hii amekaa huko aliko bila kumtumia mama yake hata salamu. Mama Gwakisa alikuwa amelifikiria jambo hilo peke yake hadi mwisho wake. Sasa alisema Gwakisa ana mke na watoto na hataki kuwaonyesha. Alisema alimzaa kwa taabu akamlea kwa taabu zaidi, naye amemtupa kama gunia. Akakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Watu walipomwita Mama Gwakisa hakuitika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Sekela alilisema mwishoni, kama mtu anayetaja kitu kidogo. Kilemba kile, ambacho Tusekile alikiacha pale, kilikuwa cha pekee kijijini. Majirani walisikia kwamba kwa Sekela mtu anaweza kurudi Lupando, wakaanza kuja mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakisubiri zamu sebuleni. Hakuweza kuwafukuza. Hakujua pia namna ya kubadilisha toleo. Wote walikuwa wamecheza lile la mama yake, na wote walimpenda Gwakisa kwa namna alivyowavuta wazee ndani ya lori.

*

Tume ya kuchunguza maafa ya Lupando iliundwa mwaka huohuo. Familia zilikuwa zimeidai kwa muda mrefu hadi wengine waliodai wakafa. Shirika la Bwawa lilikuwa na msimamo mmoja tangu mwanzo: watu wote walichukuliwa, na wasioonekana waliondoka kwa miguu yao. Hakukuwa na picha wala mabaki, bwawa lilikuwa na kina kirefu mno. Kulikuwa na wazee tu, na walichokiona.

Wakili wa familia, Leokadia Mchopa, alikuja hadi Mbeya kumtafuta Tusekile. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alieleza kwamba ameandikisha maelezo ya wazee na yanapendeza, kila mmoja anakumbuka nani aliachwa katika nyumba ipi, mlango gani ulikuwa umefungwa. Hajawahi kuona mashahidi wanaokubaliana namna ile. Ila kuhusu Gwakisa tu. Dada yake anasema alipotea, na kijiji kizima, pamoja na mama yake mzazi, kinasema alipanda lori.

Tusekile alimweleza kila kitu. Alipomaliza, Wakili Mchopa alikizungusha kikombe chake.

Kisha akamweleza hali ilivyo, taratibu, bila kumlaumu. Sheria ya ushahidi ilikuwa wazi kuhusu kilemba. Aliyecheza mchezo usio na alama kuhusu tukio fulani hawezi kuwa shahidi wa tukio hilo. Ikijulikana, wazee wote wataondolewa. Atabaki Sekela peke yake, na Sekela alimwona kaka yake tu akiteremka, hakuona kwingine. Lakini kama Gwakisa atatolewa kwenye orodha kimyakimya, kama mtu ambaye habari zake hazijulikani, hakutakuwa na utata wowote, na wale kumi waliobaki watatambuliwa kwamba walikufa majini kwa uzembe wa Shirika. Majina yao yatasomwa.

"Shangazi yako yumo," Wakili alisema.

"Najua."

"Ukisema, utampata mmoja na kuwapoteza kumi. Sikuombi useme uongo, mwanangu. Nakuomba usiulizwe."

Alipoondoka, Tusekile alijaribu kufanya jambo ambalo tangu zamani lilikuwa rahisi. Alifumba macho akamtafuta Gwakisa wa asubuhi ile, ambaye yeye, mtoto aliyekaa kwenye lori kati ya magunia, alimwona kwa macho yake. Ukungu ulikuja. Watu walikuja. Gwakisa alikuja pia, akakanyaga tairi, akahema, akajirusha ndani, na lori likainama kidogo. Akarudia. Alikanyaga tairi. Alijua kwamba yule wa kweli alikimbia kuelekea upande mwingine, kama anavyojua mwaka aliozaliwa. Lakini hakumwona tena, na alielewa kwamba hatamwona.

Alimwandikia Khatibu. Khatibu akajibu kwamba angekuwa yeye angenyamaza, na kwamba anaona aibu kuliandika hilo.

*

Walimkuta Mama Gwakisa jikoni akichambua maharage. Sekela alikaa chini kwenye mkeka, Tusekile akavuta kigoda. Alikuwa amepanga kuanza mbali, lakini alipouona uso wa mama yule, mgumu na uliofungwa, akaona hawezi kuanza mbali. Akasema Gwakisa hakupanda lori.

Mama aliendelea kuchambua. Akasema alimwona kwa macho yake, akamshika mkono.

"Ulimwona kwa sababu nilimchora, Mama. Mkono ule niliutengeneza mimi. Yeye alikwenda mtaa wa chini kuamsha watu. Sekela alimwona."

Mama akamgeukia binti yake. Sekela alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimshuka. Ungo ulibaki mapajani mwa mama huyo kwa muda mrefu. Mwisho akauweka chini.

"Kwa hiyo hakuniacha," alisema.

"Hakukuacha."

Sauti iliyomtoka baada ya hapo ilikuwa ileile ambayo Sekela alikuwa ameisikia utotoni mwake kote, na ambayo Tusekile alikuwa ameifanyia kazi miezi kadhaa ili inyamaze. Alilia akiwa ameinama juu ya magoti yake. Walipojaribu kumshika aliwasukuma.

"Mlinifanya nimtukane mwanangu," alisema baadaye. "Yuko majini, nami namtukana."

Hakuwaambia wafanye nini. Sekela aliinua ungo, akaendelea na maharage kwa sababu mtu alipaswa kuyapika. Akiwa anachambua alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye atakwenda mbele ya Tume aseme alichokiona, na wakimuuliza kwa nini wengine wote wanasema tofauti, hatajua la kujibu. Tusekile akamwambia atajibu yeye.

Njia nzima ya kurudi alimfikiria Shangazi Asegelile. 

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa kata. Wazee walikuwa wamevaa nguo zao za kanisani. Tusekile alisimama mbele yao, akaapa, akaeleza mchezo ni nini, Kijiwe ni nini, jinsi alama ilivyotolewa kwa kibali cha Kijiwe, na jinsi alivyomtengeneza mtu anayepanda lori. Hakumtaja Khatibu kwa jina. Alisema kazi yote ni yake. Wakili Mchopa aliangalia meza muda wote.

Wakili wa Shirika alikuwa kijana mwenye adabu nyingi. Hakumshambulia hata kidogo. Alimshukuru, kisha akaomba ruhusa ya mwenyekiti ili awaulize mashahidi swali moja dogo. Akawageukia wazee, akawaamkia, akaomba kila aliyewahi kuvaa kilemba nyumbani kwa Sekela anyoshe mkono.

Wakanyosha. Walifanya hivyo bila wasiwasi, baadhi wakitabasamu, wakidhani kwamba wanathibitisha jambo, kwamba wanasema ndiyo, sisi ni watu wa Lupando, tunaikumbuka. Karani alizunguka akiandika. Mzee Ambakisye, ambaye mkewe alikuwa katika wale kumi, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikuwa ameelewa. Alimtazama Tusekile kwanza, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akaunyosha.

Mkono wa Sekela peke yake ulibaki chini.

Taarifa ya Tume ilitoka baada ya mvua. Ilisema kuhusu watu kumi kwamba haikuthibitika walikuwapo Lupando siku ya maji. Kuhusu Gwakisa ilisema kwamba, kwa ushahidi wa dada yake, imeridhika alikufa majini asubuhi hiyo, akiwa anakwenda kuwaamsha watu. Tume haikueleza ni watu gani. Iliamuru pia mchezo ufungwe. Kijiwe kilitozwa faini ambayo hakikuweza kuilipa, na ukumbi ule ambao watu walitunga treni na milango na nyumba kwa miaka mingi ukazimwa asubuhi moja, pamoja na kazi zao zote zilizokuwa humo. Muuguzi wa Singida alimwandikia Tusekile kwamba hamlaumu. Kondakta mstaafu hakumwandikia.

*

Mama Gwakisa alitaka matanga, kwa kuwa sasa mwanawe alikuwa amekufa hata kwenye karatasi ya serikali. Sekela alikodi viti na turubai. Wapishi hawakuja, kwa hiyo Tusekile na Sekela walipika wenyewe. Khatibu alisafiri kutoka Tanga hadi kule juu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana ana kwa ana. Alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na baridi ilimtesa. Alimpa Mama mkono wa pole, akakaa, na hakuna aliyekaa karibu naye. Viti vilikuwa vitupu mstari kwa mstari. Majirani walipita barabarani na majembe yao wakiangalia mbele.

Alasiri Mzee Ambakisye aliingia chini ya turubai. Alimsalimia mama mfiwa, akakaa naye kitambo, kisha akainuka na kuja hadi alipokuwa Tusekile akiosha vikombe. Tusekile akafuta mikono, akamwamkia. Mzee hakuitikia.

"Nimekuja kwa Gwakisa," alisema. "Sikuja kwako."

Tusekile alisema anaelewa. Mzee hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa akiwa ameegemea fimbo, akiangalia maji ya povu. Kisha akasema kuna jambo linamsumbua. Mkewe hakuwa na picha, picha zote zilikwenda na nyumba. Anamkumbuka vizuri sana, kuliko hata mwaka uliopita. Lakini sasa, kila anapomkumbuka, hajui ni yupi.

Akauliza kama mkewe alikuwa na kanga ya kijani.

Tusekile alikumbuka siku aliyoichagua rangi hiyo, kwa sababu ilipendeza mbele ya ukuta wa udongo. "Kanga ni yangu, Mzee."

Akauliza kuhusu ule mtindo wa kuweka mkono kiunoni akiwa anangoja unga wake kwenye mashine. Tusekile alisema hilo alielezwa na watu wawili, anadhani ni la kweli. Akauliza kuhusu mkungu wa ndizi mlangoni. Tusekile alisema huo aliuweka yeye, alihitaji kitu cha mchezaji kuokota. Mzee alitikisa kichwa kila mara, polepole, kama anayeshusha mzigo kipande kwa kipande na kuuweka chini, na kila kipande kilichowekwa chini kilimwacha na kidogo zaidi.

"Na kicheko chake?" aliuliza.

Kicheko kile kilitolewa na msichana mmoja wa Kijiwe aliyekuwa Mtwara. Alikirekodi bafuni kwao ili kelele za mtaani zisiingie, akakirudia mara nyingi hadi Tusekile aliporidhika. Tusekile aliweka kikombe chini, akafungua mdomo kujibu.

Mzee Ambakisye aliinua kiganja chake.

"Hicho usiniambie," alisema.

Akainuka, akarudi kukaa kwenye mstari wa mbele, peke yake, hadi turubai lilipofunguliwa.